Siri ya Duka: Mkataba wa Kutunza Siri kwa Wafanyabiashara wa Kariakoo na Katikati ya Dar es Salaam

Kijana wako wa duka anaaga mwisho wa mwezi. Haijapita wiki mbili unasikia amepata fremu Mtaa wa Kongo, anauza mzigo uleule unaouza wewe, amekupunguzia shilingi mia tano kwenye kila pisi, na mteja wako wa Lubumbashi safari hii amefikia kwake. Malalamiko ya namna hii ni ya kila siku Kariakoo. Mengi huishia kwenye maneno makali kibarazani au kwenye benchi la kituo cha polisi, na mwenye duka hurudi mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika ni kitu gani kilikuwa siri na nani aliahidi kuitunza.

Tumemwandikia mwenye duka la jumla, muagizaji wa mizigo kutoka China, Uturuki na Dubai, na mtengenezaji mdogo wa sabuni, manukato, viungo au mafuta ya nywele. Tumemwandikia pia mfanyakazi na winga anayewekewa karatasi mezani na kuambiwa asaini. Kijitabu hiki hakichukui nafasi ya wakili, ila kitakusaidia uende kwa wakili ukiwa na cha kumwonyesha.

Kipi ni siri, kipi si siri

Tanzania Bara haina sheria moja iliyotungwa mahususi kwa siri za biashara. Ulinzi unakusanywa kutoka sehemu mbalimbali. Ya kwanza na kubwa ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa sababu ahadi ya kutunza siri ni mkataba kama mikataba mingine. Ya pili ni kanuni za haki tulizozipokea kutoka Uingereza enzi za ukoloni, zinazosema kwamba aliyepewa siri kwa kuaminiwa asiitumie kumdhuru aliyemwamini. Kisha kuna sheria za kazi na sheria za mtandao.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 1995. Mkataba wa haki miliki wa shirika hilo, TRIPS, katika ibara ya 39, unataja vipimo vitatu vya siri ya biashara. Nchi zenye maendeleo duni zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kuutekeleza kikamilifu, lakini vipimo vyenyewe ni mwongozo mzuri hata leo: jambo lisiwe linajulikana kwa watu wa biashara hiyo, liwe na thamani kwa sababu halijulikani, na mwenye nalo awe amechukua hatua za maana kulificha.

Peleka vipimo hivyo sokoni. Bei unayouzia si siri. Winga yeyote anaijua kabla ya saa nne asubuhi. Kwamba mikoba inatoka Guangzhou na vifaa vidogovidogo vinatoka Yiwu si siri pia, maana Kariakoo nzima inajua. Lakini jina la kiwanda fulani, mtu unayezungumza naye pale, bei aliyokubali kukupa baada ya miaka ya kujuana na idadi anayokubali kuanzia, hivyo vikiwekwa pamoja vinaweza kuwa siri. Gharama kamili ya mzigo mpaka uingie stoo ni siri. Orodha ya wateja wa jumla kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, yenye namba zao, wanachopenda kununua na msimu wanaokuja, ni siri nzito kuliko zote. Kwa wengi wenu hiyo ndiyo biashara yenyewe, na mzigo dukani ni matokeo yake.

Kwa anayetengeneza mafuta ya nywele au viungo vya pilau, wasiwasi huwa kwenye lebo. Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula na vipodozi, litataka lebo itaje kilichomo. Usihofu. Lebo inataja viungo, haitaji namna unavyovichanganya, moto unaoutumia wala muda unaoacha mchanganyiko ulale. Siri yako iko huko. Ila mtu akinunua chupa yako kihalali, akaipima na kugundua mwenyewe, hajakuibia. Siri hailindwi dhidi ya anayeivumbua kwa jasho lake. Anayetaka ulinzi wa namna hiyo anapaswa kuomba hataza kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na hataza hutolewa kwa sharti la kuuanika uvumbuzi wako hadharani, kwa miaka yenye kikomo. Jina na nembo ni habari nyingine kabisa: hizo zisajili BRELA mapema kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Sasa jambo ambalo wenye maduka wengi hawapendi kulisikia. Ujuzi wa kuuza ni wa kijana mwenyewe. Amejifunza kwako kumsoma mteja, kupanga mzigo, kujua Ramadhani inataka nini na Januari inataka nini. Hayo anaondoka nayo kichwani na hakuna mkataba utakaoyarudisha. Kifungu kinachosema "mfanyakazi hataruhusiwa kufanya biashara ya nguo popote Dar es Salaam baada ya kuacha kazi" kina hatari kubwa ya kutupwa na mahakama, kwa kuwa kinamnyima mtu riziki halali. Wapo wanaokiandika ili kutisha tu. Tunawashauri wasifanye hivyo: kikitupwa, huweza kuchafua hata sehemu nzuri za mkataba mbele ya hakimu. Mkataba wa siri humzuia mtu kutumia siri zako. Kushindana nawe anaruhusiwa.

Laini ya simu kabla ya karatasi

Hapa ndipo maduka mengi huvuja, na hakuna mwanasheria anayehitajika kuziba. Wateja wanapiga namba ya nani? Mara nyingi ni namba ya kijana, iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chake na kitambulisho chake cha NIDA. Siku anayoondoka, laini ni yake kisheria, na wateja wa miaka sita wanaondoka nayo mfukoni. Huwezi kwenda mahakamani kudai namba ya simu ya mtu.

Basi laini ya duka isajiliwe kwa jina la biashara au la mwenye duka. WhatsApp ya duka ikae kwenye simu ya duka, na simu hiyo ilale dukani. Lipa Namba iwe ya biashara. Nywila ya ukurasa wa Instagram wenye picha za mzigo iwe inajulikana kwa mwenye duka, na barua pepe iliyoufungua iwe yake. Daftari la wateja liwe na nakala moja na lifungiwe. Anayehitaji sehemu yake apewe sehemu hiyo tu: kijana wa kaunta hana haja ya kujua bei ya kiwandani, na dereva wa stoo hana haja ya kujua mteja wa Ndola anadaiwa kiasi gani.

Weka pia chambo. Katika orodha ya wateja ingiza jina moja la kubuni lenye namba unayoimiliki wewe, ambayo huitumii kwa kitu kingine. Siku namba hiyo ikipokea ujumbe wa "mzigo mpya umeingia, karibu" kutoka duka la mtu mwingine, utakuwa umepata ushahidi ambao wakili wako atafurahi nao sana.

Hatua hizi si za kujilinda tu. Ni kielelezo. Swali ambalo upande wa pili utakuuliza mahakamani ni jepesi: kama hii ilikuwa siri, mbona ilibandikwa ukutani nyuma ya kaunta? Mkataba wenye saini juu ya jambo ambalo kila mpita njia aliliona hauna nguvu.

Orodha ya wateja ina upande wake wa pili. Majina na namba za watu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wewe unayeikusanya una wajibu kwa wateja hao, ukiwemo wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayeiba orodha anaweza kujikuta anajibu kwako na kwa sheria hiyo kwa pamoja.

Kuandika mkataba wenyewe

Uandike kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na hata kabla ya hapo hapakuwa na maana kumsainisha mtu kurasa nane za Kiingereza zilizopakuliwa mtandaoni, zinazotaja sheria za jimbo la Delaware. Tumeziona karatasi za aina hiyo maeneo haya. Mkataba hutaka ridhaa ya hiari, na asiyeelewa alichosaini ana njia nyepesi ya kujitoa.

Kurasa mbili zinatosha. Mfano wa kiini chake ni huu, urekebishe kulingana na duka lako:

*"Mfanyakazi anakubali kwamba mambo yafuatayo ni siri za Biashara: (a) majina, mawasiliano na bei za viwanda na wasambazaji vilivyoorodheshwa kwenye Kitabu cha Ununuzi, (b) majina, mawasiliano na kumbukumbu za manunuzi za wateja wa jumla, (c) vipimo na hatua za utengenezaji zilizo kwenye Daftari Na. 2. Mfanyakazi hatazitumia wala kumpa mtu mwingine siri hizo, wakati wa ajira na kwa muda wa miaka miwili baada ya ajira kuisha, isipokuwa kwa kazi za Biashara au pale sheria inapomtaka azitoe. Vipimo vilivyo kwenye Daftari Na. 2 vitaendelea kuwa siri mpaka vitakapojulikana hadharani bila kosa la Mfanyakazi. Siku ya mwisho wa kazi atarudisha vitabu, simu na nakala zote, na atafuta zilizo kwenye simu yake. Mkataba huu haumzuii Mfanyakazi kuajiriwa kwingine wala kufungua biashara yake kwa kutumia ujuzi wake wa kawaida."*

Sentensi ya mwisho inawashangaza wengi. Iache ilipo. Inamwonyesha hakimu kwamba hukutaka kumfunga mtu mikono na miguu, ulitaka kulinda kile kilicho chako tu. Tazama pia kwamba mfano hausemi "taarifa zote za biashara." Anayeita kila kitu siri hubaki hana siri.

Sheria inataka pia kila upande upate kitu. Kwa mfanyakazi mpya, ajira yenyewe inatosha, mradi asaini anapoanza. Kwa aliyekaa nawe miaka mitano bila karatasi, mpe kitu kipya siku ya kusaini, hata nyongeza ndogo ya mshahara au posho, na ukiandike. Mtu awe na miaka 18 au zaidi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye ndugu wa mwenye duka, naye shahidi aandike kwamba alishuhudia akisomewa. Kila upande ubaki na nakala. Lipia ushuru wa stempu. Ni mdogo, na bila huo mkataba unaweza kukataliwa kama kielelezo mpaka ulipiwe.

Ndugu je? Kariakoo maduka mengi yanaendeshwa na mpwa, shemeji au mtoto wa kaka aliyeletwa kutoka kijijini, na kumwekea ndugu karatasi kunaonekana kama kumtusi. Maoni yetu ni kwamba ndugu asaini kama wengine, tena siku moja na wengine, ili asione amelengwa. Kesi za ndugu ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyeandika chochote, na wazee wa ukoo hukaa upande wa aliyetoka bila kitu.

Kuhusu kiwango cha adhabu: kuandika "akivunja atalipa milioni mia moja" hakukupi milioni mia moja. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaipa mahakama uwezo wa kutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kiasi hicho ni dari tu. Taja kiasi unachoweza kukieleza kwa hesabu.

Winga, wakala wa mizigo na kiwanda

Mfanyakazi si mtu pekee anayejua mambo yako. Winga anachukua mzigo dukani, anaweka cha juu chake, na anawajua wateja wako kwa majina. Wengine ni wateja aliokuletea yeye, na hao huwezi kudai ni siri yako. Kubalianeni mapema nani ni wa nani, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, hivyo usiyafute mazungumzo hayo.

Wakala anayechanganya mizigo ya watu kumi ndani ya kontena moja anaona majina ya viwanda vya wote kumi, na mkataba mfupi wa siri naye una thamani kubwa kuliko wa kijana wa kaunta. Mwombe msambazaji asiweke jina na simu ya kiwanda juu ya boksi. Aweke alama yako ya mzigo tu.

Kwa kiwanda kilichoko China, hukumu ya mahakama ya Kisutu itakusaidia kidogo sana. China ina sheria yake dhidi ya ushindani usio wa haki inayolinda siri za biashara, lakini kuitumia kunataka mkataba wa Kichina, uliopigwa muhuri wa kampuni husika, unaotaja mahakama za huko. Kama unapeleka mchoro wako mwenyewe ukatengenezwe, gharama ya wakili wa Guangzhou inastahili. Kama unanunua mikoba ya kawaida, weka fedha hiyo kwenye mzigo.

Siri ambayo sheria haiilindi

Bidhaa bandia, tarehe za kuisha muda zilizofutwa, mauzo yasiyotolewa risiti: hakuna mkataba unaoweza kumziba mtu mdomo juu ya hayo. Mkataba wenye lengo haramu ni batili. Mfanyakazi anayeipelekea taarifa Mamlaka ya Mapato, TRA, au TBS au Tume ya Ushindani ana ulinzi wa Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Wewe unayeombwa kusaini, soma kama kuna maneno ya kukuzuia kusema na mamlaka au kudai haki zako za kazi. Kama yapo, kata mstari juu yake na uweke saini pembeni, au usisaini.

Siri ikishavuja

Usianzie polisi. Kuvunja ahadi ya siri ni jambo la madai. Polisi wana kazi pale palipoibiwa daftari, simu, kompyuta au fedha, au mtu alipoingia kwenye mfumo wako bila ruhusa, jambo ambalo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ndiyo sababu nywila hubadilishwa siku ileile mtu anapoondoka. Usimweke mtu mahabusu ili "aseme." Usizuie mshahara wake wala cheti chake cha utumishi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kukata mshahara kwa sababu ya hasara bila kumpa maelezo ya maandishi na nafasi ya kujitetea, na hata hapo makato hayazidi robo ya mshahara. Na usirushe picha yake kwenye magrupu ya wafanyabiashara ukimwita mwizi. Mwenye haki anaweza kugeuka mdaiwa wa kesi ya kashfa kwa jioni moja.

Akiwa bado kazini, mpe tuhuma kwa maandishi, msikilize, kisha uamue. Ukimfukuza bila utaratibu huo, ana siku 30 za kukufikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huko utashindwa hata kama siri kweli aliitoa. Madai mengine ya mkataba wa ajira hupelekwa CMA ndani ya siku 60. Madai ya mkataba wa siri na winga, wakala au mbia hupelekwa mahakama za kawaida, na muda wa kudai ni miaka 6.

Miaka 6 isikudanganye. Siri inayotembea sokoni haisubiri hata wiki. Kitu unachohitaji mapema ni amri ya zuio. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, mahakama zetu huuliza mambo matatu: kuna hoja nzito ya kuamuliwa? Bila zuio utapata madhara yasiyofidika kwa fedha? Nani ataumia zaidi, wewe ukinyimwa amri au yeye akiwekewa? Anayekuja mahakamani miezi minane baada ya kujua atapata shida kujibu swali la pili.

Kabla ya hapo wakili hutuma notisi. Itumwe pia kwa bosi mpya wa kijana, kwa adabu, ikitaja kwamba orodha anayoitumia ilipatikana kwa kuvunja ahadi. Baada ya kuipokea hawezi kusema hakujua, na wengi huogopa hapohapo. Mwaka 2006, mfanyakazi wa Coca-Cola huko Atlanta na wenzake walipojaribu kuwauzia Pepsi siri za kampuni, Pepsi ndio waliotoa taarifa. Si kwamba washindani ni malaika. Siri ya kununua ni mzigo wa moto kwa anayeupokea.

Usiandike fomula yako ndani ya hati ya madai. Majalada ya mahakama ni ya wazi, na hukumu nyingi huwekwa mtandaoni kwenye tovuti ya TanzLII. Taja daftari na ukurasa, na omba vipimo vyenyewe hakimu avione faragha.

Fidia nayo hutolewa kwa hasara iliyothibitishwa, ndivyo kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinavyotaka. Utaonyesha mauzo kabla na baada. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mteja wa Lubumbashi alinunua mzigo wa milioni 40 akapewa risiti ya mashine ya EFD ya milioni 4, na mahakama haiwezi kukupa hasara ya mauzo ambayo mbele ya TRA ulisema hayakuwepo.

Migogoro mingi ya aina hii huisha kwa maridhiano, na maridhiano yaandikwe. Yakisainiwa wakati kesi iko mahakamani, mwombe hakimu ayasajili ili yawe amri inayotekelezeka. Yaliyofikiwa CMA yasainiwe mbele ya msuluhishi. Hati iseme ni nini kinarudishwa, nani atashuhudia namba zikifutwa kwenye simu, wateja gani hatawafuata na kwa muda gani, na kwamba mshahara wa mwezi wa mwisho na likizo anayodai vinalipwa siku hiyohiyo, kwa njia inayoacha kumbukumbu.